Nguo inayokauka usiku mmoja: ninavyofungasha begi la wiki 3 kutoka Dar hadi Makete

#1 Mkaguzi wa Mikoani

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kukagua hesabu za vyama vya ushirika, na tangu 2013 mwaka wangu unaishia kwenye mabasi. Leo AMCOS ya kahawa Mbinga, wiki ijayo SACCOS Njombe, mwezi ukigeuka niko Masasi kwenye korosho. Wenzangu ofisini wakiliona begi langu huuliza, "Wiki tatu na hicho kibegi tu?" Nimeahidi mara nyingi kueleza. Leo nimepata nafasi, nitaeleza kwa urefu, mwenye haraka arudi jioni.

Nianze na safari iliyonifundisha. Julai ya mwaka wangu wa kwanza nilipangiwa Makete, kule kwenye baridi ya mkoa wa Njombe, siku 18. Nikakaa kitandani nikazihesabu siku moja moja na kila siku nikaipa nguo yake. Sanduku la magurudumu likajaa: jinzi tatu, magauni, blauzi sijui ngapi, viatu jozi nne, na koti moja zito nililoazimwa na shangazi. Magurudumu yale yalifanya kazi hatua chache pale stendi. Kule nilikoshuka kulikuwa na udongo mwekundu na mteremko, sanduku likafungwa juu ya bodaboda kwa mpira, mimi nikafuata kwa bodaboda ya pili na kulipa nauli mbili.

Tabu kubwa haikuwa uzito lakini. Niliondoka Dar na nguo za Dar, tena nyingi. Blauzi kumi nyepesi hazikusaidii chochote asubuhi ya Makete. Basi likishaupanda mlima Kitonga hewa ya dirishani hubadilika, Mafinga watu wako ndani ya makoti, na Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya bahari uliyoiacha asubuhi. Lile koti zito nalo lilikuwa moja. Ukilivaa ofisini penye jiko la mkaa unatoka jasho, ukilivua unatetemeka. Jinzi niliyoifua Jumapili niliivaa Jumatano, na bado kiuno chake kilikuwa kibichi.

Nikarudi Dar na nguo tisa ambazo hazikuguswa. Nikazipanga kitandani, nikaziangalia, nikaona kosa langu: nilihesabu siku. Tangu hapo nahesabu usiku wa kufua. Nguo inayofuliwa saa 2 usiku na kuvaliwa saa 1 asubuhi inatosha kwa siku 3 na inatosha kwa siku 30. Iliyoshindwa hapo, hata iwe nzuri namna gani, inabaki kabatini.

Kwa hiyo kila nguo mpya naipa mtihani nyumbani kabla ya safari. Naifua usiku kwa mkono, naikamua, naianika chumbani bila feni. Asubuhi siishiki kifuani wala mgongoni, maana hapo hukauka mapema. Naishika kwenye mishono: kola, kwapa, mkanda wa kiuno, pembe za mifuko. Kitambaa kikiwa kimepandana mara tatu nne, maji hujificha humo. Suruali mbili za kitambaa kilekile zinaweza kupishana usiku mzima kwa sababu moja ina mkanda mnene na mifuko yenye bitana nzito.

Na kuna namna ya kukamua. Ukisokota blauzi kwa mikono unaiharibu na maji yanabaki. Tandaza khanga kavu kitandani, weka nguo iliyofuliwa juu yake, zikunje pamoja kama mkeka, kisha usokote huo mkunjo kwa nguvu zote au uukanyage kwa magoti. Khanga inanyonya yale maji ambayo mikono haiyatoi. Ukiianika baada ya hapo, muda wa kukauka unapungua sana. Khanga yenyewe ni nyembamba, itakauka kabla ya hiyo blauzi.

Sasa begi langu la Dar, Iringa, Njombe, Makete na kurudi. Suruali moja ya kadeti, rangi ya udongo. Sketi moja ya kijivu inayofika chini ya magoti. Blauzi tatu, na moja ina mikono mirefu. Gauni moja la kitambaa cha kuvutika kisichokunjamana, la Jumapili na la siku ya mkutano mkuu wa wanachama. Fulana moja nyembamba ya kubana yenye mikono mirefu, ya kuvaa ndani. Sweta moja jembamba la sufu. Koti jepesi la mvua ambalo ukilikunja linaenea kwenye kikombe kikubwa. Taiti moja. Mtandio mmoja. Khanga doti moja, yaani vipande vyote viwili. Nguo za ndani za siku tano, soksi jozi tatu. Viatu vya ngozi vya kufunika na ndala. Begi zima, pamoja na sabuni na makaratasi yangu ya kazi, halifiki kilo 8, na linakaa chini ya miguu yangu ndani ya basi. Haliingii kwenye buti. Niliwahi kulitoa begi butini likiwa limelowa maji ya ndoo ya samaki ya abiria mwingine, na nguo zote zikanuka mpaka mwisho wa safari.

Angalia baridi inavyoingia kwenye hesabu hii. Sibebi koti zito hata kidogo. Asubuhi ya Makete navaa fulana ya kubana, juu yake blauzi, juu yake sweta, juu kabisa koti la mvua kwa ajili ya upepo. Taiti iko ndani ya suruali, khanga mabegani. Joto la mwili linashikwa na hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo, kwa hiyo nyembamba nne zinashinda nene moja, na jua likitoka saa 5 nazivua moja moja mpaka nabaki na blauzi niliyotoka nayo Dar. Kila kimoja kati ya hivyo vinne kina kazi yake hata kwenye joto.

Rangi ndiyo inayofanya vichache viwe vingi. Za chini zote ni rangi tulivu, udongo na kijivu. Za juu zote zinakubaliana na hizo mbili. Blauzi tatu kwa za chini mbili ni mivao sita, ukiongeza sweta ni kumi na miwili, na bado gauni halijaguswa. Blauzi moja ikikataa kwenda na sketi, umebeba blauzi yenye kazi nusu. Nyeupe niliacha. Vumbi jekundu la Njombe na Mbinga likishaingia kwenye kola nyeupe halitoki kwa sabuni ya kipande na ndoo ya maji baridi.

Kuhusu heshima ya mavazi: ofisi nyingi za umma zina lile bango mlangoni lenye picha za nguo zisizoruhusiwa. Kwa hiyo sketi yangu inafika pale inapotakiwa kufika na blauzi zina mikono. Sitaki mzee wa chama ahangaike aangalie wapi ninapomsomea mapungufu ya vitabu vyake. Nguo hiyohiyo inaingia kanisani, msibani, Unguja mjini, na kwa mkwe.

Khanga nitaiandikia kivyake, maana naona vijana wanaiacha nyumbani. Kwangu ni taulo, shuka ya juu pale gesti yenye shuka la mashaka, pazia la dirisha lisilo na pazia, vazi la kwenda bafuni la nje, shali ya baridi, mto wa kwenye basi, na kifungashio. Tangu 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, wengi walibaki wakijiuliza nguo chafu wataweka wapi. Kipande kimoja cha khanga ukifunga pembe zake ni mfuko wa nguo chafu, na siku ya kufua nao unafuliwa. Ila tafadhali usisafiri na khanga mpya kutoka dukani. Ina wanga, inasukuma maji badala ya kuyanyonya, na rangi yake itahamia kwenye blauzi zako. Iloweke kwanza kwenye maji ya chumvi, ifue mara mbili tatu, ilainike, ndipo ifae safari.

Nawasilisha. Mwenye nyongeza au anayepinga, karibu.

#2 Kijana wa Mafinga

Dada, nimekusoma mpaka mwisho. Mimi nimezaliwa huku kwenye baridi, naomba niongeze vitu viwili ulivyovipita haraka: kichwa na miguu. Mtu kutoka Dar huja na sweta zuri halafu kichwa kiko wazi na miguu iko kwenye ndala. Mzula wa sufu unaenea mfukoni na una faida kuliko sweta la pili. Soksi za kulalia ziwe nene na zisitumike kwa kutembea mchana, ziwe za kitandani peke yake, ili ziwe kavu kila usiku. Soksi yenye jasho la mchana haikupi joto.

La pili, asiyeamini hizo nguo nne nyembamba asinunue koti Dar. Aje na fedha. Masoko ya mitumba ya Makambako na Njombe yana masweta na makoti mazito kwa sababu ndiyo wateja wanayotaka, Dar utakuta fulana. Unanunua hapa, unalivaa wiki tatu, ukiondoka unamwachia mtu. Juni na Julai kule Kitulo barafu hulala juu ya majani alfajiri. Tunaielewa baridi.

#3 Leso Mbili

Assalaam aleikum kutoka Mombasa. Sisi huku twaziita leso, na nimefurahi kuona kuna mtu asafiri nazo zote mbili bila kuzitenganisha. Marehemu nyanya alikuwa na msemo wake kwamba leso moja ni ya kujifunga, ya pili ni ya kusitiri lisilotarajiwa. Alikuwa nazo za miaka mingi, zile za mali ya Abdulla, kampuni ya hapa Mombasa iliyoanza 1887, na zilikuwa laini hata ungezipitisha kwenye pete.

Nataka niitetee dera, maana sikuiona kwenye begi lako. Kwa safari za Pwani, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, dera moja yafanya kazi ya gauni la kulalia, la kushindia nyumbani kwa wenyeji, na ukitia buibui juu wafika popote. Ni jepesi, lapitisha hewa, laoshwa jioni na asubuhi limekauka hata bila upepo. Shida yake ni moja, laonyesha, kwa hiyo lazima shumizi ndani. Ukifikia nyumbani kwa watu badala ya gesti, dera lakuokoa. Wenyeji hawapendi kumuona mgeni ameketi sebuleni na suruali ya kazini toka asubuhi. Ukivaa dera wajua na wao wajua umepumzika.

#4 Mjukuu wa Kibosho

Mimi napinga kidogo, kwa heshima. Uzi wako ni wa mtu wa kazi. Asilimia kubwa ya safari zetu si kazi, ni harusi, misiba, ubarikio, Krismasi nyumbani Kilimanjaro. Desemba mtu anakwenda Moshi na sare ya harusi, nguo ya kanisani, nguo ya kwenye sherehe ya jirani, na zawadi za wazee. Ukienda na blauzi tatu na hizo rangi za kijivu na udongo utaonekana umekata tamaa na maisha. Nguo nyumbani ni salamu. Bibi yangu alikuwa anaangalia kwanza tumevaa nini, ndipo aulize tunaendeleaje. Alitaka kujua kama mjini tunatunzwa. Kwa hiyo kuna safari ambazo begi dogo si heshima.

#5 Mkaguzi wa Mikoani

@Kijana wa Mafinga, soksi za kitanda na mzula naongeza leo. Za kulalia sikuwahi kuzitenga na za mchana, na sasa naelewa kwa nini miguu yangu haikupata joto Makete.

@Leso Mbili, dada, umesema kweli. Ninapofikia kwa watu huwa navaa khanga mbili, lakini dera lina adabu yake. Kwa safari ya Masasi na Mtwara nitalitoa gauni niweke dera.

@Mjukuu wa Kibosho, hoja yako ni nzito na imenigusa kwa hiyo habari ya bibi. Nakubali kwamba sare ya harusi haina mbadala, ibebe, na iwe imekunjwa juu ya vyote. Msibani nakukatalia: mwanamke mwenye doti ya khanga amekamilika msibani, hahitaji nguo nyingine. Kwa Krismasi, mimi hutanguliza nguo ya kanisani na zawadi kwa ndugu anayepanda na gari, mimi napanda basi na begi langu lilelile. Na rangi si lazima iwe kijivu. Dada yangu za chini kwake ni nyeusi na kijani cha mgomba, juu zote ni vitenge na batiki vinavyowaka, na kila kimoja kinakubaliana na mwenzake. Utulivu uwe chini, furaha iwe juu. Bibi angeridhika.

#6 Cherehani ya Mchikichini

Mimi ni fundi, niko mitaa ya Ilala miaka 20 sasa. Mtoa mada amefika kwenye mishono, jambo ambalo wateja wangu wengi hawalioni, kwa hiyo nami niseme ninachokijua.

Kitambaa kisikilize kwa vidole na kwa maji. Pamba tupu inakunywa maji mengi na inayatoa polepole, lakini haishiki harufu, ukiifua inarudi kuwa safi. Poliesta tupu inakauka haraka mno, ila jasho la kwapa likishaizoea halitoki, na pasi ikizidi moto inayeyuka na kung'aa. Kwa safari mimi huwashonea watu mchanganyiko wa hizo mbili. Shati la mchanganyiko linafuliwa, linaning'inizwa kwenye henga likiwa limelowa, unalivuta kola na vifungo kwa mkono, asubuhi halidai pasi. Kitani ni kizuri kwa joto lakini kwenye basi la mwendo wa saa 12 kinakunjamana vibaya, labda ukipende mwenyewe hivyo.

Dada zangu na kaka zangu, mkimletea fundi kitambaa cha nguo ya safari mwambieni mambo haya. Mifuko ya suruali iwe na bitana nyembamba, asitumie mabaki ya kadeti. Mkanda wa kiuno usiwekwe gamu nzito, kile kitambaa kigumu cha ndani. Sketi iwe na mfuko, tena mfuko wa kweli wa kuenea simu, na kwa ndani ya kiuno awashonee kimfuko bapa cha kitambaa laini chenye zipu fupi, cha fedha ya akiba na kadi. Ukikaa kwenye basi kinalala tumboni, hakuna mkono unaofika bila wewe kujua. Nakishona kwa muda mfupi tu, na ningependa kila mama anayesafiri awe nacho.

Suruali ya mwanaume ya kadeti ninaishauri kuliko jinzi kwa kila safari. Jinzi ni pamba nene iliyofumwa kwa kubanana, ikilowa ni mzigo wa matofali. Na mwanaume akiwa na kadeti mbili, mashati matatu ya mchanganyiko na koti moja la suti lisilo na mabega makubwa, amemaliza. Koti alivae ndani ya basi, asilikunje. Likikunjwa, aligeuze ndani nje, bega moja liingie ndani ya bega jingine, ndipo likunjwe katikati. Mikunjo itakuwa kwenye bitana badala ya usoni.

#7 Muuguzi wa Zamu

Naomba wote mnaofua usiku mlisome hili. Kuna inzi ambaye hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, hasa kivulini, kwenye majani au chini. Ukiivaa ile nguo, buu hupenya kwenye ngozi na baada ya siku kadhaa unapata uvimbe unaofanana na jipu, kumbe ndani kuna kiumbe hai. Nimewatoa hao mabuu kwa watoto wachanga na kwa watu wazima, mara nyingi kiunoni na mgongoni, pale nguo inapobana.

Kwa hiyo nguo za ndani anikeni chumbani, au kwenye jua kali juu ya kamba, kamwe si kwenye majani ya bustani ya gesti. Zilizoanikwa nje pigeni pasi ya moto pande zote, na msiruke lastiki na mishono. Gesti nyingi zina pasi mapokezi, za vijijini wana ya mkaa, ombeni. Na nguo ya ndani isivaliwe mbichi hata kama mnachelewa basi, unyevu na joto la mapajani ndiyo karamu ya fangasi. Ndiyo maana nakubaliana na mtoa mada kubeba za siku tano. Hapo msifanye ubahili.

#8 Dereva wa Kaskazini

Naendesha watalii na Watanzania wenzangu mbugani kutoka Arusha. Machache ambayo yanawasumbua abiria wangu.

Bluu na nyeusi msivae mbugani. Mbung'o wanazifuata. Hata mitego ya kuwanasa hutengenezwa kwa vitambaa vya bluu na nyeusi kwa sababu hiyo hiyo. Tarangire na maeneo ya Serengeti yenye miti utaona mtu mwenye suruali ya bluu anavyopigapiga mapaja safari nzima, na anayekaa pembeni yake ametulia na kadeti yake ya udongo. Mbung'o huuma kupitia jinzi pia, kwa hiyo unene hausaidii.

Nguo za mabaka zinazofanana na za jeshi msifungashe kabisa. Nchini kwetu raia haruhusiwi kuzivaa, na Januari 2024 jeshi letu, JWTZ, lilitoa siku saba wenye nazo wazisalimishe. Nimeona wageni wananunua kofia za mabaka kwao wakidhani ndiyo vazi la porini, na mimi ndiye wa kuwaambia wazivue kabla hatujatoka hotelini. Kenya na Uganda nako ni hivyohivyo.

Anayepanda ndege ndogo za kwenda mbugani, kiwango cha kawaida ni kilo 15 na begi liwe laini, maana sanduku gumu haliingii kwenye tumbo la ndege. Hapo begi la mtoa mada linapita bila maneno.

Kwa wanaopanda Kilimanjaro: mfumo wake wa nguo juu ya nguo ndio huohuo, mlima una mita 5,895 na unaanza msituni kwenye joto na mvua, unamaliza kwenye barafu. Tofauti ni moja, ile fulana ya ndani isiwe pamba. Jasho likiingia kwenye pamba halitoki, na juu huko jasho bichi linakugandisha. Sufu au kitambaa cha michezo. Na kumbukeni begi lenu linabebwa na mtu. Mpagazi hapaswi kuzidishiwa kilo 20 pamoja na vyake, kwa hiyo kila sweta la ziada liko kichwani kwa kijana wa watu.

#9 Mama Pacha

Nimesoma nikasema niwakumbushe wenye watoto. Khanga doti moja haitoshi, bebeni doti mbili. Moja itakuwa mbeleko na itatapikiwa Chalinze hata hamjaianza safari vizuri. Na nguo ya mama anayenyonyesha ifunguke mbele. Nilisafiri Dar kwenda Singida na gauni la kuvaa kwa kichwa, sitarudia.

#10 Wa Ruwi

Niko Muscat, nyumbani Pemba. Wengi wanakuja huku wakijua ni joto tu, na kweli kiangazi ni joto la kukausha mate. Lakini maduka, ofisi na magari yanapozwa mpaka unatafuta shuka. Mtu akitoka nje anachemka, akiingia ndani anaganda, mara kumi kwa siku. Kwa hiyo sweta jembamba la dada lina kazi hata hapa. Mwanaume: kanzu mbili nyepesi, kofia, kikoi cha nyumbani, suruali moja na mashati mawili. Kanzu ikifuliwa usiku na kutundikwa, alfajiri unaswalia. Nimekaa hivyo mwezi wa kwanza wote bila kununua nguo.

#11 Mgeni wa Jukwaa

Swali kwa mtoa mada: ule mtihani wa usiku mmoja unafaa masika? Nakwenda Unguja Aprili, wiki mbili.

#12 Mkaguzi wa Mikoani

Swali zuri, na nitakujibu kwa uaminifu: masika ya Pwani ndipo kanuni yangu iliponishinda. Aprili moja nilikuwa Unguja siku 12. Hewa yenyewe imelowa, khanga ya kukamulia haikauki, kwa hiyo hata ile njia ya kukunja pamoja inakufa siku ya pili. Blauzi zilikaa siku mbili zikaanza kunuka uvundo. Nilichofanya ni kuongeza blauzi moja na kulipa chumba chenye feni kwa siku zote, nikafunga kamba mbele ya feni, nikiacha nafasi ya kiganja kati ya nguo na nguo, na mbali na ukuta. Feni ikizunguka usiku kucha poliesta na mchanganyiko vinakauka. Pamba usibebe zaidi ya khanga. Umeme ukikatika, nenda kwa dobi mwenye pasi, blauzi mbichi kidogo hukaukia mezani kwake.

Kwa hiyo Aprili Unguja: blauzi nne badala ya tatu, viatu viwe vya mpira au ndala imara, vya ngozi viache maana vitaota ukungu, na koti la mvua liwe juu kabisa ya begi. Sweta acha. Mtandio usiache.

@Muuguzi wa Zamu, habari ya yule inzi sikuijua, na nimewahi kuanika kwenye majani. Asante sana kwa kuandika. @Dereva wa Kaskazini, ile picha ya sweta la ziada kichwani kwa mpagazi nitaibeba.

@Cherehani ya Mchikichini, Jumatatu alfajiri naondoka kwenda Mbinga, siku 21. Jumamosi nakuja Ilala na sketi yangu ya kijivu, unishonee hicho kimfuko cha kiunoni na uninyooshee mkanda wa ile kadeti, upande wa kushoto ndio unaochelewa kukauka kila mara. Nikirudi nitaleta mrejesho hapa, na picha ya mshono kwa wale watakaotaka kumwonyesha fundi wao.